Injini Iulizwe Mwisho: Namna ya Kuchagua Mashine ya Kufyekea

Madukani, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mashine ya kufyekea nyasi huuzwa kwa tarakimu moja tu: cc. Hii ni ya cc 26, ile ya cc 43, ile pale ni cc 52, na mwenye mfuko mzito zaidi huonyeshwa yenye kibandiko cha cc 65. Mnunuzi aliyezoea kupima pikipiki kwa kipimo hichohicho huona ameelewa kila kitu, akalipa, akaondoka. Hoja ninayoijenga hapa ni kwamba mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Kwanza yajulikane majani yatakayokatwa, kisha kinachoyakata, kisha mwili utakaoibeba mashine, kisha fundi atakayeifungua siku itakapogoma. Hayo yakijibiwa, ukubwa wa injini hubaki jambo dogo, mara nyingi limekwisha kujiamua lenyewe. Anayeanzia upande wa pili hununua nguvu asiyoihitaji, au hununua nguvu inayotosha na kuifungia kitu kisichoweza kuitumia.

Tuanze na majani, maana ndiyo yanayolipiwa. Uwanja wa ukoka wa shule na kichaka cha mathenge cha Baringo vyote huitwa "kufyeka", lakini ni kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Ukoka, sangari na nyasi laini za kando ya ukuta hukatwa na uzi wa nailoni. Uzi hauna makali. Hukata kwa kasi. Kichwa cha uzi chenye kipenyo cha sentimita 42 kikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ncha ya uzi husafiri kwa takriban mita 154 kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya kilomita 550 kwa saa. Kasi hiyo hupasua jani laini, lakini ikikutana na shina gumu uzi ndio unaokatika. Mabingobingo yaliyokomaa, vichaka na machipukizi ya miti huhitaji kisu cha chuma: chenye meno mawili au matatu kwa majani marefu na magumu, na cha mviringo chenye meno mengi kama ya msumeno kwa shina la miti midogo. Kisu cha kipenyo cha milimita 255, kwa mizunguko hiyohiyo, kina kasi ndogo zaidi kwenye ncha, mita 93 hivi kwa sekunde, lakini kina uzito na makali, basi hakihitaji mbio za uzi. Kwa hiyo mwenye shamba la nyasi ndefu anayelalamika kwamba mashine yake "haina nguvu" aangalie kwanza kilichofungwa kwenye ncha. Injini ileile iliyokuwa ikihema na uzi katika mabingobingo hupita kwa urahisi ikifungiwa kisu cha meno matatu.

Asili ya uzi wenyewe inaeleza mipaka yake. George Ballas wa Houston, Texas, aliyeubuni mwaka 1971, alipata wazo kwa kutazama brashi za mashine ya kuoshea magari. Alichotaka ni kupunguza nyasi zilizozunguka miti ya bustani yake bila kuichubua kwa chuma. Uzi ulizaliwa kwa ajili ya pembezoni: ukutani, kwenye uzio, kando ya mawe, pale ambapo kisu kingegonga na kurudi. Hata huko una madhara yake. Mche wa mwaka mmoja au miwili, uwe wa mkorosho, mwembe au parachichi, ukipigwa na uzi kuzunguka shina huchubuka gome, na mche uliochubuliwa pande zote hufa kwa kukatiwa njia ya chakula kwenda mizizini. Katika shamba la miche, mduara wa mkono mmoja kuzunguka kila shina ni kazi ya jembe au ya mkono, na mashine yoyote ile, ya bei yoyote ile, ikae mbali.

Hapa pana desturi moja inayostahili kusemwa waziwazi, kwa kuwa inaharibu mashine nyingi kuliko ubovu wa viwandani. Kinga ya plastiki iliyo nyuma ya kichwa huondolewa siku ya kwanza, eti inazuia majani. Kinga ile haizuii mawe tu. Kwa ndani ina kijiwembe kinachokata uzi ubaki na urefu unaostahili. Ikiondolewa, mtumiaji huachia uzi mrefu ili afagie eneo pana. Hewa inayousukuma uzi huongezeka, injini inashindwa kufikia mizunguko yake, klachi inateleza na kuungua, na baada ya hapo lawama huangukia cc. Uzi mnene nao una mzigo wake. Milimita 2.4 zinafaa kwa mashine ndogo. Ukiiwekea injini ya cc 26 uzi wa milimita 3.3 unaifunga breki. Kibaya zaidi ni wanaobadilisha nailoni kwa waya wa chuma, au wanaonunua vichwa vya minyororo. Kipande cha chuma kikikatika kwa kasi ile hakina tofauti na risasi. Tume ya Ulaya ilipiga marufuku vichwa vya minyororo vya mashine hizi Januari 2012, baada ya ajali iliyoua mtu Uingereza. Huku kwetu kama vinapatikana, kupatikana kwake si ruhusa.

Kinachofuata ncha ni bomba. Mashine yenye bomba lililopinda karibu na kichwa huendeshwa na waya unaozunguka ndani yake. Ni nyepesi, ya bei nafuu, na kwa kawaida haikutengenezwa kubeba kisu. Yenye bomba lililonyooka ina shafti ya chuma na gia boksi mwishoni, na hiyo ndiyo inayostahili kisu. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza linaondoa nusu ya mashine zilizopo dukani kabla hata injini hazijatajwa. Vishikio navyo vina maana kubwa. Usukani wa mikono miwili, ulio kama wa baiskeli, unazuia kisu kisirudi kwenye miguu, na unafaa kwenye ardhi tambarare ambapo mtu anafagia mbele yake kutoka kulia kwenda kushoto. Kisu kikigonga kisiki au jiwe kwa upande wa mbele kulia, mashine nzima hurushwa pembeni, na usukani pamoja na mkanda wa mabegani ndivyo vinavyoiweka mbali na mwili. Kishikio cha pete kinafaa kwenye nafasi finyu na kwenye mteremko. Huko Usambara, Uluguru au Murang'a, ambako shamba limesimama kama ukuta na matuta yamekatwa hatua kwa hatua, wengi hupendelea mashine ya kubeba mgongoni, ambayo injini inakaa mgongoni na nguvu inapita kwenye shafti inayojikunja. Nayo ina sharti lake: shafti hiyo hula grisi, na aliyesahau grisi hununua shafti nyingine.

Sasa cc. Hata mtu akitaka kuzifuata, hana budi kujua kwamba kibandiko na silinda ni vitu viwili. Injini nyingi za Kichina za mipigo miwili zimechorwa alama kama 1E40F au 1E44F. Alama hiyo inasomeka: silinda moja, mipigo miwili, kipenyo cha silinda kwa milimita, kisha F ya kupozwa kwa hewa. Zote mbili kwa kawaida zina mwendo wa pistoni wa milimita 34. Ukipiga hesabu ya silinda ya milimita 40 unapata cc 42.7, na ya milimita 44 unapata cc 51.7, ndizo zinazouzwa kama 43 na 52. Basi ukiona kibandiko cha cc 65 juu ya injini iliyochorwa 1E44F, hesabu ya darasani inatosha kukuambia kwamba rangi ya kibandiko ndiyo iliyoongezeka. Zaidi ya hapo, cc hazielezi nguvu. Stihl FS 250 ina cc 40.2 na kiwanda kinataja kilowati 1.6, Honda UMK435, ya mipigo minne, ina cc 35.8 na takriban kilowati moja. Mashine mbili za cc zilezile zinaweza kutofautiana sana kwa ubora wa silinda, kabureta na uwiano wa gia. Kama ni lazima kuuliza namba, iulizwe ya kilowati, iliyoandikwa kwenye kitabu, na iulizwe ya uzito.

Wapo watakaopinga hapa, na pingamizi lao lina akili: mashine kubwa inaweza kufanya kazi ndogo, lakini ndogo haiwezi kubwa, basi nunua kubwa umalize. Kama mashine ingekuwa inajibeba, ningekubali. Inabebwa na binadamu, na mwili una hesabu yake. Sheria za kazi za Umoja wa Ulaya, kupitia agizo la mwaka 2002 kuhusu mtikisiko, zinataka mwajiri achukue hatua mkono wa mfanyakazi ukipokea mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa wastani wa saa nane, na zinakataza kupita mita 5. Mashine iliyofungwa mipira mizuri ya kuzuia mtikisiko na yenye kipimo cha mita 3 inaweza kutumika saa tano na nusu kabla ya kugusa kiwango cha kwanza. Yenye kipimo cha mita 10 inakigusa kwa nusu saa, na kwa saa mbili imefika kwenye katazo. Ganzi ya vidole, navyo kuwa vyeupe kwa baridi, ni ugonjwa unaotokana na hesabu hiyo, na haurudi nyuma kwa urahisi. Kelele ina mwendo uleule: kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda hukatwa nusu, hivyo mashine ya desibeli 97 karibu na sikio humaliza mgawo wa siku kwa nusu saa. Kwa sababu hiyo kinga ya masikio inahesabiwa ndani ya bei ya mashine, pamoja na miwani, buti na mkanda wa mabega yote mawili, na uzingatiwe umbali wa mita 15 kutoka kwa mtu mwingine, ambao vitabu vya watengenezaji hutaja. Mashine kubwa kwa kazi ndogo humchosha mtu mapema, na aliyechoka ndiye anayekata mguu.

Tukija kwenye mafuta, swali la mahali linaanza kutawala. Injini ya mipigo miwili haina oili yake. Inakunywa oili iliyochanganywa na petroli. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 100 katika dumu la lita tano. Wa 25 kwa 1, ambao vitabu vingi vya mashine za Kichina huutaja, ni mililita 200. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana, na haitoshi kukadiria kwa kifuniko cha chupa. Oili ikipungua pistoni inakwaruza silinda na kukwama. Ikizidi, masizi huziba plagi na eksozi hadi mashine ikawa mvivu, fundi akaanza kufungua kabureta isiyo na kosa. Aina ya oili nayo ni jambo la mahali. Pwani yote, kuanzia Lamu hadi Kilwa, oili ya mipigo miwili iliyo rahisi kupata ni ile ya mashine za boti, iliyoandikwa TC-W3. Hiyo ilitengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji. Injini ya kufyekea inapozwa na upepo na joto lake liko juu zaidi. Inataka oili ya daraja la JASO FC au FD. Oili ya kawaida ya gari ndiyo mbaya kuliko zote, ingawa rangi yake inaridhisha macho. Nayo petroli yenyewe isichukuliwe kuwa safi kwa kuwa imetoka kituoni. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Tanzania, kupitia mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na Kenya ikaweka ushuru wa Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa Septemba 2018 ili kuondoa faida ya kuchanganya. Petroli yenye mafuta ya taa hugonga ndani ya silinda na kupandisha joto, na injini ndogo inayozunguka mara nyingi ndiyo inayoumia kwanza.

Kimo cha ardhi kinaongeza jambo ambalo wauzaji hulitaja mara chache. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, injini isiyo na msaada hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu, kwa sababu hewa imepungua. Mashine ya kilowati 1.6 ikipelekwa Limuru, juu ya mita 2,000, ni ya 1.3 hivi, na kabureta iliyorekebishwa Mombasa itakuwa ikimimina petroli kupita kiasi, moshi mwingi na nguvu kidogo. Hilo ni usumbufu tu. Hatari iko upande wa pili, ambao watu hawautarajii: mashine iliyorekebishwa Njombe ikapelekwa Kilwa bila kuguswa hupata hewa nyingi na petroli kidogo, na kwa kuwa oili inasafiri ndani ya petroli, petroli kidogo ni oili kidogo. Inawaka vizuri, inanguruma vizuri kupita kawaida, kisha inakwama. Mkandarasi anayehamisha mashine kati ya nyanda za juu na pwani ana sababu kubwa zaidi ya kujali skrubu za kabureta kuliko ya kujali cc.

Ndiyo maana fundi ana uzito kuliko chapa. Tangu bodaboda za mipigo minne zitawale barabara, kizazi kizima cha mafundi wa pikipiki kimekua bila kushika injini ya mipigo miwili. Lakini ujuzi haukupotea. Umehamia mahali maalumu. Mafinga na vitongoji vyake, kando ya shamba la miti la Sao Hill, wanaishi kwa misumeno ya mnyororo, na msumeno huo ni ndugu wa damu wa mashine ya kufyekea: silinda, kabureta, klachi, hata spea nyingine zinakaribiana. Mtwara na Lindi, mashine za kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga wa mikorosho zimewafundisha mafundi wa vijijini kusoma plagi na kusafisha kabureta za aina hiyohiyo. Mnunuzi wa maeneo hayo ana kila sababu ya kuchukua mipigo miwili. Anayeishi mahali ambapo fundi pekee ni wa bodaboda, na oili pekee dukani ni ya injini ya pikipiki, afikirie mipigo minne kama ile Honda UMK435, ambayo haihitaji kuchanganya chochote, hula petroli kidogo zaidi na haina kelele kali. Inakuja na masharti: ni nzito kwa nguvu inayotoa, na oili yake ni mililita 100 tu, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, hivyo kutoitazama kila asubuhi ni kuiua kwa mkono wako. Kwa mtumiaji mmoja mwangalifu nitaichagua. Kwa genge la vibarua wanaobadilishana, ambapo kazi ya kutazama oili ni ya kila mtu na kwa hiyo si ya mtu, mipigo miwili inasamehe zaidi, mradi mafuta yachanganywe na mtu mmoja.

Pingamizi zito kuliko yote ni la bei. Kwa fedha za mashine moja ya Stihl au Husqvarna mtu anaweza kubeba kadhaa za Kichina. Moja ikifa, ya pili inaendelea. Wanaodharau hoja hii hawajakaa na daftari la matumizi. Mashine za familia ya 1E40F na 1E44F zina fadhila kubwa ambayo chapa ghali hazina: silinda, pistoni, kabureta na klachi vya mtengenezaji huyu mara nyingi vinaingia kwa yule, na vinapatikana hata kwenye duka la spea za jenereta. Kwa mwenye kiwanja cha ekari moja anayefyeka mara chache kwa mwaka, hoja hiyo inashinda, nami sina la kuipinga. Inaanguka saa zikiongezeka. Mkandarasi wa kando ya barabara au msimamizi wa viwanja vya hoteli anaitumia saa tano kwa siku, siku kwa siku. Hapo injini ya cc 40 inayokula lita moja hivi kwa saa chini ya mzigo imekwisha kunywa petroli ya thamani ya mashine kabla ya mwaka kuisha, na bei ya ununuzi inakuwa sehemu ndogo ya hesabu. Kinachobaki ni saa zilizopotea kwa kuvuta kamba isiyowasha, mishahara ya wanaosubiri, na mikono inayotetemeka usiku. Hata hivyo onyo moja lisisahauliwe: tundu la katikati la kisu ni milimita 25.4 kwa mashine nyingi za Kichina na milimita 20 kwa mashine kubwa za Stihl, na kisu kilicholazimishwa kwa wosha kisiwashwe. Nati inayokishika ina nyuzi za kushoto. Wanaoifungua kwa nguvu upande wa kawaida huivunja na kuilaani mashine.

Za betri nitazipitia haraka, kwa kuwa hesabu yake bado haijakaa sawa kwa kazi ya shamba. California ilipitisha mwaka 2021 sheria ya kuzuia uuzaji wa mashine mpya za bustani za petroli kuanzia 2024, na sababu yake ni ya kweli: injini ya kale ya mipigo miwili hutoa robo au hata karibu theluthi ya mafuta yake bila kuungua. Kwa hospitali, shule na hoteli, ambako kelele ni kero na umeme upo, betri inaanza kuwa jibu bora. Lakini lita moja ya petroli hutoa kwenye kisu kazi ya takriban kilowati-saa moja na nusu, na betri ya kawaida ya volti 36 na ampea-saa 5 ina wati-saa 180 tu. Lita moja ni sawa na betri nane au zaidi za namna hiyo, na hakuna anayebeba betri nane kwenda kwenye mashamba ya mkonge.

Lipo swali ambalo muuzaji hana faida ya kuliuliza: je, mashine inahitajika kabisa? Fyekeo na panga havihitaji plagi, na hutoa kibarua kwa mtu anayekihitaji. Anayesema mashine inaua ajira anasema kweli kwa siku chache za msimu, na jibu la kwamba inaongeza uzalishaji halimfariji aliyeachwa. Ila pana kazi ambazo fyekeo linazishindwa kwa muda, si kwa nguvu. Korosho huokotwa chini. Ikidondoka kwenye majani haionekani, na kuanzia Septemba mashamba yote ya kata nzima yanataka kuwa safi kwa wakati mmoja, siku ambazo vibarua hawatoshi kwa bei yoyote. Hapo mashine inachukua nafasi ya mtu asiyepatikana. Kinyume chake, pana magugu ambayo mashine haiyawezi kwa maumbile. Ndago na sangari hujificha ardhini kwa viazi na mizizi yake. Kufyeka ni kuyanyoa nywele, yarudi baada ya mvua moja. Mathenge yakikatwa juu ya shina huchipua mengi kuliko yaliyokuwapo, hivyo kisu bila mpango wa kung'oa au kutibu kisiki ni gharama ya kudumu. Magugu karoti yakifyekwa yakiwa na maua hurusha mbegu kila upande, na vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua cha anayefyeka. Yang'olewe kwa glavu kabla ya kuchanua, ardhi ikiwa na unyevu.

Kutokana na hayo, watu wengi wanaoingia dukani wangefaidika zaidi kwa kukodi. Mwenye ekari mbili za mikorosho anahitaji saa chache za kisu kwa mwaka mzima, na mashine iliyolala miezi kumi na mchanganyiko wa mafuta tumboni hukausha kabureta na kugandisha mipira yake midogo. Kinachofaa ni mashine moja nzuri ya cc 40 hivi, bomba lililonyooka, usukani wa mikono miwili, ikinunuliwa na kikundi au chama cha msingi na kuzunguka mashamba kwa zamu. Vikundi vingi hukwama hapo kwa sababu mashine huazimwa kama jembe: kila mwanachama anakuja na dumu lake, uwiano wake na uzi wake. Mpangilio unaodumu ni kukodisha kazi badala ya chombo. Mtu mmoja aliyefundishwa anabaki nayo, anachanganya mafuta mwenyewe, anamwaga tangi na kuiwasha mpaka izime kila msimu unapoisha, na analipwa kwa ekari iliyokatwa. Chama kinaweka kando sehemu ya malipo hayo kwa ajili ya plagi, filta, kisu na mkanda mpya, na kabla ya kununua kinampeleka mtu huyohuyo dukani, akaivae mashine na kuibeba kwa dakika kumi, huku fundi wa salfa wa kijiji akitazama kabureta.